Kadi ya Chanjo ya Ebola na Uamuzi wa Daktari wa Huduma ya Msingi Mjini Gisenyi
Baada ya Ebola kufika Goma Julai 2019, Rwanda ilianzisha mpango wa Umurinzi Desemba mwaka huo, wilaya ya mpakani ya Rubavu ikiwemo. Chanjo hiyo ina dozi mbili tofauti: Ad26.ZEBOV, kisha MVA-BN-Filo baada ya siku 56 hivi. Kwa daktari wa huduma ya msingi, mambo mawili yanafuata. Kwanza, mchuuzi avukaye mpaka kila siku akikosa dozi ya pili, kinga yake haijakamilika. Pili, chanjo imeidhinishwa dhidi ya Ebola ya Zaire pekee, wala si dhidi ya Marburg iliyozuka Rwanda Septemba 2024. Hivyo basi, kadi ya chanjo haiondoi shaka: mwenye homa aliyemkaribia mgonjwa atengwe na apimwe.