KIJANA AMEJUA KODI TATU: SASA AENDE WAPI?

Katika vigango vyetu vingi gitaa si mgeni tena. Mahali ambapo hakuna kinanda, au kinanda kipo na umeme umekatika, gitaa ndilo linaloishikia kwaya sauti. Basi twashukuru. Lakini yeyote anayekaa karibu na wanakwaya, hapa Nkende au kwingineko, atakuwa ameona jambo moja. Vijana huanza gitaa kwa moto mkubwa. Katika miezi mitatu au minne wamejua kodi za C, F na G (kodi za gitaa, si zile za serikali), nao waweza kusindikiza nyimbo kumi. Kisha husimama pale pale. Mwaka wapita, wa pili wapita, nyimbo ni zile zile kumi. Mwisho gitaa hutundikwa ukutani, na uzi ukikatika haununuliwi mwingine.

Watu husema, "Huyo hana kipaji." Mara nyingi si kweli. Mtu aliyeweza kufundisha vidole vyake kodi tatu amekwisha kupita mahali pagumu kuliko pote. Kinachomkosesha si kipaji, ni utaratibu.

HASARA SI YA MPIGAJI PEKE YAKE

Mpigaji anapojua ufunguo wa C tu, kila wimbo huimbwa katika C, upende usipende. Mtunzi aliandika juu ya karatasi "Do ni E flat" kwa sababu zake: alipima koo za sauti ya kwanza na vifua vya besi. Sisi twauhamisha wimbo kwa ajili ya vidole vya mtu mmoja. Akina mama wa sauti ya kwanza wanapiga kelele, au besi wanazama kisimani, na watu wote wanafikiri kwamba kwaya imeharibika.

Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikisifu kinanda na pia ukaruhusu ala nyingine zinazofaa, kwa idhini ya wenye mamlaka. Neno ni "zinazofaa". Gitaa huifaa ibada likisaidia watu kusali, si likiwavuta huku na huku.

KWA NINI WANASIMAMA

Anayeanza hukosa mwalimu mara chache. Kaka yake au rafiki humwonyesha mahali pa kuweka vidole. Aliye fundi naye hujitegemea. Wa katikati ndiye yatima. Akiuliza, huambiwa, "Endelea kupiga tu." Akifungua simu yake, hukuta walimu mia wa nchi mia, huyu akianzia hapa, yule pale. Jumatatu anajifunza mtindo wa Hispania, Jumanne wa Kongo, na Jumamosi hakuna alichokishika.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu twajua kwamba mwalimu haingii darasani kufundisha neno lolote linalomjia kichwani. Ana azimio la kazi la muhula, na kila siku ana andalio la somo: leo nini, kwa muda gani, na nitajuaje kama mtoto ameelewa. Mpigaji wa katikati anahitaji hilo hilo.

Vyuo vya muziki vipo. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho sasa chaitwa TaSUBa. Unguja kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi tangu 2002. Makumira, karibu na Arusha, muziki hufundishwa hata kwa shahada. Anayeweza kwenda na aende. Lakini kutoka Tarime hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilometa 1,000, na kijana mwenye shamba la mahindi na ng'ombe wa baba yake hataondoka kesho. Yafaa aanze nyumbani. Hili hapa azimio la miezi sita; vifaa vyake ni gitaa, daftari, kitabu cha nyimbo chenye nota, na saa ya ukutani.

MWEZI WA KWANZA NA WA PILI: MKONO WA KULIA

Kwanza jipime. Andika katika daftari kodi unazozijua na nyimbo unazoziweza toka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Kisha kaa mbele ya saa ya ukutani. Kila mlio wa saa ni pigo moja, mapigo 60 kwa dakika. Piga C mapigo manne, F manne, G manne, urudi C. Kama unachelewa kuingia F, hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa acha kutafuta kodi mpya, utazame mkono wa kulia. Mwaka 1812 Mauro Giuliani, Mwitalia aliyekaa Vienna, alichapisha kitabu chake cha kwanza cha kufundishia gitaa. Ndani yake mna mazoezi 120 ya mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unashika kodi mbili tu, C na G saba, toka zoezi la kwanza hadi la mwisho! Fundi huyu aliona kwamba kodi mbili zatosha kumfundisha mtu, mradi mkono wa kulia upangiwe kazi.

Na tusidhani hiyo ni hekima ya Ulaya peke yake. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo, alimkuta mjini Jadotville, Katanga, kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco. Mji huo sasa huitwa Likasi. Bosco alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, lakini ukisikiliza wimbo wake "Masanga" utadhani watu wawili wamekaa pamoja. Gumba lilikuwa besi, shahada ilikuwa mwimbaji. Kodi zake nyingi ni zile zile anazozijua kijana wa kigangoni.

Basi fanya hivi. Shika C. Gumba lipige uzi wa 5, kisha wa 4, tena wa 5, tena wa 4, kama mtu anayetembea. Likishatembea bila kufikiri, shahada ijibu katikati ya hatua, kwenye uzi wa 2 na wa 1. Katika G gumba hutembea uzi wa 6 na wa 4. Katika F, uzi wa 4 na wa 3. Wiki moja, mtindo mmoja. Usiende wa pili kabla wa kwanza haujatulia pamoja na saa.

MWEZI WA TATU: NOTA ZA KWAYA JUU YA SHINGO LA GITAA

Hapa sisi watu wa kanisa tuna mali ambayo wapigaji wengi wa mijini hawana. Twajua do, re, mi. Nota hizo alizitengeneza John Curwen, mchungaji wa Uingereza (1816 hadi 1880), akiendeleza kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ili watu wa kawaida waweze kuimba kwa kusoma. Wamisionari wakazileta Afrika. Hata tuni ya "Mungu Ibariki Afrika" ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, mtu wa nota hizo hizo.

Wanakwaya wengi hawajui kwamba nota hizo zimelala juu ya shingo la gitaa. Nafasi kati ya chuma na chuma shingoni tuiite chumba. Chukua uzi mmoja, wowote. Uzi ukiwa wazi uite do. Re iko chumba cha 2, mi cha 4, fa cha 5, so cha 7, la cha 9, ti cha 11, na do ya juu cha 12. Imba kila moja unapoigusa. Tazama jinsi mi na fa zilivyo jirani, na ti na do vivyo hivyo. Kwingine kote waruka chumba kimoja. Hiyo ndiyo siri yote ya ngazi ya sauti.

Halafu ipitishe ngazi hiyo katika nyuzi mbalimbali. Do ni uzi wa 5, chumba cha 3. Re ni uzi wa 4 wazi, mi chumba chake cha 2, fa cha 3. So ni uzi wa 3 wazi, la chumba chake cha 2. Ti ni uzi wa 2 wazi, na do chumba chake cha 1. Hapo umepata ngazi ya C bila kuhamisha mkono. Fungua sasa kitabu cha nyimbo, soma sauti ya kwanza, uipige. Wiki ya pili piga sauti ya tatu. Mwisho wa mwezi gitaa lako litakuwa limeanza kuimba.

MWEZI WA NNE: FUNGUO

Acha kuzitaja kodi kwa herufi tu. Zitaje kwa kazi yake. Kuna kodi ya do, ya fa na ya so. Katika C hizo ni C, F, G. Katika G ni G, C, D. Katika D ni D, G, A. Katika A ni A, D, E. Kazi ni ile ile. Jina ndilo linalobadilika. Ongeza kodi ya la, ile ya maina yenye sauti ya upole: katika C ni A maina, katika G ni E maina. Chukua wimbo mmoja unaoujua sana, uupige katika funguo hizo zote nne.

Kwa funguo ngumu tumia kapo. Ukikosa la dukani, kalamu ya risasi na ukanda wa mpira wa baiskeli hutosha. Kapo likiwa chumba cha 3, maumbo ya C hutoa E flat. Maumbo ya D hutoa F. Maumbo ya G hutoa B flat. Basi mtunzi akiandika "Do ni E flat", umtii.

MWEZI WA TANO: SIKIO

Chagua wimbo mmoja tu wenye gitaa zuri, uukamilishe. Kwa sisi watu wa Mara mfano hauko mbali. D. O. Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Nyamagongo, karibu na Shirati. Alilelewa katika nyumba ya dini, na baba yake hakuupenda muziki wa kidunia. Alivuka mpaka kwenda Kenya, akaongoza Shirati Jazz, na nchi nzima ikamjua kwa muziki wa benga, hata alipofariki katika ajali ya gari Kisumu mwezi Mei 2006. Gitaa la benga limefuata jinsi Wajaluo wanavyodonoa nyuzi nane za nyatiti. Wakurya nao wana litungu lao, nalo lina nyuzi nane. Kijana mwenye mzee wa litungu kijijini ana mwalimu: na akae karibu naye, asikilize kipande kimoja kifupi, akiimbe kwa do, re, mi mpaka kikae kichwani, ndipo akitafute shingoni. Koo kwanza, vidole baadaye.

MWEZI WA SITA: PAMOJA NA WENGINE

Sasa rudi kwenye kwaya. Kama magitaa ni mawili, mmoja ashike rizim na mwingine apige sauti ya wimbo, halafu wabadilishane. Mwombe mwalimu wa kwaya akusikilize mara moja kwa mwezi na akwambie makosa matatu. Yaandike. Hiyo ndiyo mitihani yako.

DAKIKA THELATHINI

Wengine watauliza muda watautoa wapi. Dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, zatosha: 5 za kupatanisha nyuzi na kupasha vidole, 10 za zoezi la mwezi, 10 za wimbo, na 5 za kupiga unachopenda. Kwa wiki 26 hizo ni saa 65. Anayekaa saa tatu Jumamosi moja na kupumzika wiki mbili, vidole vyake husahau na ngozi yake hulainika tena. Bandu bandu huisha gogo.

NENO KWA WAZAZI NA VIONGOZI

Wazazi, msimwite mhuni kila mtoto mwenye gitaa. Daudi alipiga kinubi mbele ya mfalme Sauli, na roho ya mfalme ikatulia. Naye alikuwa mchunga kondoo wa baba yake. Mtoto afanye kazi za nyumbani kwanza, kisha apewe nusu saa yake kwa amani. Wala gitaa si la wavulana peke yao. Binti anayeshika sauti ya pili bila kuyumba ana sikio tayari; kinachobaki ni kumkabidhi gitaa.

Na viongozi wa vigango: gitaa la kanisa likifungiwa kabatini toka Jumapili hadi Jumapili, litatoka na kutu nalo halitakuwa na mpigaji. Wekeni daftari, kila kijana aandike saa ya kulichukua na ya kulirudisha, na mtu mmoja awe mwangalizi. Uzi mpya ni gharama ndogo kuliko kumpoteza kijana.

Nawe mpigaji uliyesimama kwenye kodi tatu, usilaumu vidole vyako. Nunua daftari leo, uandike juu ya ukurasa wa kwanza: "Wiki ya kwanza, gumba."