Swali la Mnara wa Saa: Kazi ya Vikundi katika Mtandao

Katikati ya mji wa Arusha pana mnara mdogo wenye saa, nao umesimama mahali njia zinapokutana. Wageni hupenda kupigwa picha chini yake, na wenyeji huwaambia ya kuwa hapo ndipo nusu ya safari kati ya Cape Town, mji ulio karibu na mwisho wa Afrika upande wa kusini, na Cairo, mji mkuu wa Misri. Neno hili limerudiwa mara nyingi, hata limeandikwa katika vitabu vya wasafiri na katika kurasa nyingi za intaneti. Je, ni kweli?

Swali kama hili lafaa sana kwa kipindi cha lugha. Labda msomaji atastaajabu, maana laonekana kuwa swali la jiografia. Lakini lugha haijulikani kwa kukariri ngeli peke yake. Mtoto huijua vema anapokuwa na neno la kusema, na mtu wa kumsikiliza, na sababu ya kubishana naye.

Ziko njia nyingi za kuwapa wanafunzi kazi ya kutafuta habari katika mtandao, na nyingine hazifai. Iliyo mbaya ni hii: mwalimu husema, “Nendeni mkatafute habari za Mlima Meru,” basi. Siku ya pili kila mmoja huleta karatasi iliyonakiliwa neno kwa neno, wala hawezi kueleza hata sentensi moja ya yale aliyoandika. Mkono umefanya kazi, akili imelala.

Mwaka 1995 Bernie Dodge, aliyekuwa akifundisha walimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego huko Marekani, pamoja na mwenzake Tom March, alitengeneza utaratibu ulio bora. Waliuita WebQuest, yaani safari ya kutafuta jambo katika mtandao. Katika utaratibu huo mwalimu hutangulia kuzisoma kurasa na kuzichagua, ili watoto wasipoteze wakati wao wakizurura huku na huku. Kisha huwapa kazi isiyoweza kumalizika kwa kunakili: kuamua shauri, kutunga barua, au kumshauri mtu. Huwaonyesha hatua za kufuata, na tangu mwanzo huwaambia kazi yao itapimwa kwa mambo gani. Kazi fupi huchukua kipindi kimoja hata vitatu. Ndefu yaweza kuchukua wiki, hata mwezi.

Basi darasa la watoto 40 katika shule iliyo kwenye mitelemko ya Meru laweza kugawanywa katika vikundi 8. Katika kila kikundi mmoja husoma ukurasa wa Kiingereza na kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili, mwingine hutazama ramani, wa tatu hupiga hesabu, wa nne huandika, na wa tano huwa msemaji mbele ya darasa. Haifai yule mwenye maarifa mengi abebe mzigo wa wote. Tena yafaa kazi hizo zibadilishwe kila mara, maana mtoto aliye mwandishi siku zote hatajua kusema.

Anayetazama ramani ataona jambo upesi. Cairo iko yapata digrii 30 na dakika 3 kaskazini ya ikweta, na Cape Town iko digrii 33 na dakika 55 kusini. Ukihesabu kwa digrii za kaskazini na kusini, nusu ya safari huangukia digrii 1 na dakika 56 kusini ya ikweta. Arusha iko digrii 3 na dakika 22 kusini. Kila digrii ni yapata kilometa 111; kwa hiyo mnara umepita mahali pa nusu kwa kilometa 160 hivi, na kwa hesabu hii Nairobi i karibu zaidi kuliko Arusha! Tena Arusha iko mashariki ya miji yote miwili. Mstari ulionyoka kutoka Cairo mpaka Cape Town haupiti karibu na Meru hata kidogo; nusu yake iko katika misitu ya Kongo, kusini ya Kisangani.

Hapa ndipo ubishi huanza, na mwalimu mwenye busara hauzimi. Mtoto mmoja atasema kurasa kumi zinasema Arusha ni katikati, basi kumi haziwezi kukosa. Mwenzake azitazame tena: huenda sentensi ni ileile, na makosa ya herufi ni yaleyale. Habari ya mtu mmoja iliyonakiliwa na watu tisa haijapata mashahidi kumi. Mwingine atauliza swali lililo bora zaidi: je, waliosema maneno hayo walipima kwa mstari, au kwa barabara? Barabara Kuu ya Kaskazini ilipita Arusha kweli, ikitoka kusini kupitia Mbeya, Iringa na Dodoma, kwenda Nairobi. Walakini njia ya kutoka Cape Town mpaka Cairo si moja, na kila anayebadili njia hubadili na nusu yake.

Sasa inabaki kuandika, na kazi hii ndiyo nzito. Kikundi hutunga maneno machache ya kumweleza mgeni asimamaye chini ya mnara. Wakiandika “ni katikati,” wamesema wasilolijua. Wakiandika “si kweli,” wamesahau habari ya barabara. Hapo watoto huona faida ya maneno ambayo zamani waliyapita tu kitabuni: “yasemekana,” “yapata,” “ikiwa,” “kwa hesabu hii.” Hata mtoto mvivu wa sarufi hugombania neno “yasemekana” anapojua ya kuwa kikundi cha pili kinangoja kumkosoa.

Shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, na umeme hukatika. Hilo halizuii kazi. Mwalimu aweza kuzichapa kurasa nne tano alizozichagua, na kuzigawa kwa vikundi kwa zamu; kompyuta moja, au simu yake, itatosha kwa kuhakikisha neno moja moja.

Kikundi kinachomaliza mapema chaweza kupewa swali la pili, nalo liko mbele ya macho yao kila asubuhi mawingu yanapoondoka: Mlima Meru una urefu gani? Kurasa nyingine husema meta 4,562, nyingine 4,566, na zote husema bila kusitasita.