Dalali Asiyeonekana: Teknolojia ya Kidijitali na Uwekaji wa Nafasi katika Utalii wa Zanzibar

Katika mijadala ya utalii hudaiwa mara nyingi kwamba intaneti imemkutanisha mgeni na mwenyeji moja kwa moja na hivyo kumwondoa mtu wa kati. Makala haya yanafafanua, kwa kurejelea nyumba ndogo za wageni za Zanzibar, kwamba dai hilo lina ukweli wa upande mmoja tu. Dalali hajaondoka, amehama, na masharti ya kazi yake yamebadilika.

Kabla ya intaneti kuenea, wageni walifika Zanzibar kwa njia kuu mbili. Baadhi walinunua safari nzima kwa wakala wa nchini kwao, wakalipia ndege, hoteli na matembezi kwa pamoja. Wengine walishuka katika bandari ya Malindi bila kuweka nafasi, wakapokewa na vijana waitwao papasi, jina lililotokana na aina ya kupe. Vijana hao waliwapeleka wageni penye chumba, nao wakapewa ujira na mwenye nyumba. Ujira huo uliongeza bei, lakini aliyelipa na aliyelipwa walionana uso kwa uso, na kiwango chake kilijadiliwa papo hapo.

Majukwaa ya kidijitali yalibadili utaratibu huo. Booking.com ilianzishwa Uholanzi mwaka 1996, na Airbnb ikaanzishwa Marekani mwaka 2008. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM iliyopita chini ya bahari ilifika Dar es Salaam na Mombasa, ikaongeza uwezo wa intaneti katika ukanda huu. Leo nyumba ya vyumba sita ya Mji Mkongwe au Jambiani huonekana kwenye orodha moja na hoteli kubwa. Hiyo ni faida ya kweli, kwa kuwa zamani mwenye nyumba kama huyo hakuwa na njia rahisi ya kumfikia mgeni aliyeko Milano au Warsaw.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama zake. Kwanza ni kamisheni. Tuchukue mfano wa mgeni anayelala siku nne kwa dola 50 kwa siku. Ikiwa kamisheni ni asilimia 15, dola 30 kati ya 200 huenda kwa jukwaa. Pili ni nafasi katika orodha. Majukwaa huwapa wenye nyumba fursa ya kuonekana zaidi kwa kukubali kamisheni kubwa zaidi. Kwa hiyo wanaoshindana kwa bei hushindana pia kwa kiasi wanachokubali kukatwa. Tatu ni kughairi bila malipo. Mgeni anapoghairi siku chache kabla ya kufika, hasara ya chumba kitupu humwangukia mwenye nyumba.

Malipo nayo huimarisha nguvu ya jukwaa. Mgeni hubeba kadi ya benki. Mwenye nyumba mdogo huendesha shughuli zake kwa fedha za simu, ambazo zimekuwapo Tanzania tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008. Mifumo hiyo miwili haikutani kwa urahisi. Anayeweza kupokea kadi na kuthibitisha nafasi papo hapo ndiye anayeaminiwa na mgeni, na mara nyingi huyo ni jukwaa.

Tatizo hili halijionyeshi Zanzibar pekee. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliitambua rasmi Booking.com kuwa mlinda lango wa soko la kidijitali, na kampuni hiyo ikaacha kuwazuia wenye hoteli wa huko kutoa bei nafuu zaidi kwingineko. Kinga hiyo imewekwa kwa ajili ya soko la Ulaya. Haikutungwa kwa ajili ya mwenye nyumba wa Jambiani.

Kwa muhtasari, teknolojia imepanua soko na wakati huohuo imehamisha mamlaka ya kupanga masharti. Papasi aliweza kukataliwa mlangoni, na kesho yake nyumba ikaendelea kupata wageni. Anayelikataa jukwaa hutoweka kwenye orodha ambayo mgeni huitazama kabla hajapanda ndege. Kwa hiyo, utafiti unaopima mafanikio ya utalii wa kidijitali kwa idadi ya nafasi zilizowekwa pekee hautoshi. Unapaswa kuchunguza pia ni kiasi gani cha kila malipo hubaki visiwani, na nani ameamua hivyo.