Kisanduku cha picha na hati kikigoma

Katika nyumba kadhaa za Bunia kuna siku hizi kisanduku chenye diski mbili ndani, kimeunganishwa na ruta kwa waya. Jamaa wote hutuma humo picha za simu, diplome za watoto, hati za kuzaliwa, hata kurasa za daftari la AVEC. Waliokimbia Djugu tangu 2017 wanajua thamani yake. Picha ya hati si hati yenyewe, lakini namba na tarehe zilizoandikwa juu yake humsaidia karani wa komini kuutafuta ukurasa katika kitabu chake.

Ugumu tunaoulizwa zaidi ni huu: umeme umekatika, umerudi, taa za kisanduku zinawaka, lakini simu haikioni. Mara nyingi hakijaharibika. Ruta ilipowaka tena ilikipa anwani mpya, na simu inabisha hodi kwenye mlango wa zamani. Hakikisha kwanza simu iko kwenye wifi ya nyumbani, haitumii mega. Kisha zima vyote viwili, washa ruta, ngoja dakika tano, ndipo uwashe kisanduku. Fundi akija, mwambie akipe kisanduku anwani isiyobadilika.

Kikikataa kupokea picha, huenda kimejaa. Angalia pipa lake la takataka, maana vilivyofutwa hukaa humo bado. Na video zile za WhatsApp za harusi za watu tusiowajua, jamani, za nini?

Jambo la kuogopa ni taa nyekundu, au mlio usiokoma. Katika visanduku vingi diski moja hubeba nakala ya nyenzake. Moja ikifa, ya pili bado ina kila kitu, lakini iko peke yake. Usingoje juma liishe. Hamisha hati na picha za lazima kwenye diski ya nje siku hiyohiyo, kabla fundi hajagusa kitu. Skrini ikiuliza kama iandae diski upya, jibu hapana, kwa kuwa kuandaa upya ni kufuta. Fundi naye asome namba ya diski iliyokufa kabla ya kuchomoa, asije akatoa iliyo hai. Ukisikia diski inagonga ko-ko-ko, zima kisanduku na usijaribu kukiwasha tena na tena. Kila jaribio linaweza kuikwaruza zaidi.

Diski mbili ndani ya kisanduku kimoja huibiwa pamoja na huungua pamoja. Picha uliyoifuta hufutika kote. Kwa hiyo tunasisitiza diski ya tatu, yenye neno la siri, ijazwe kila mwezi na ilale mtaa mwingine: wa Mudzipela aipeleke kwa dada yake Nyakasanza. Kwa daftari la AVEC njia ipo tayari. Kasha letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu. Diski ya nakala ikae kwa mmoja wa hao, si kwa mama anayelaza kasha.