Kikombe Kilekile, Mkono Mwingine

Aprili 1972, profesa wa anatomia mjini Oslo, Alf Brodal, alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kushoto. Alikuwa na miaka 62, na sehemu kubwa ya umri huo aliitumia kuchunguza jinsi mishipa ya fahamu inavyopita ndani ya ubongo. Sasa baadhi ya njia hizo zilikuwa zimekatika kichwani mwake mwenyewe. Akaanza kujichunguza na kuandika, na mwaka 1973 jarida la Brain likayachapisha maelezo yake.

Mojawapo ya mambo aliyoyaeleza linamhusu kila anayemuuguza mtu wa kiharusi. Kusogeza kiungo dhaifu kulimgharimu nguvu kubwa ya nia. Msuli ulikuwa kama umegoma, naye akalazimika kuushurutisha, na shurti hiyo ilimchosha kwelikweli hata pale ambapo kiungo kilisogea kidogo tu. Kufunga tai, jambo alilolifanya miaka mingi bila kufikiri, kukawa mtihani.

Kama msuli haukufanya kazi ya maana, uchovu ule ulitoka wapi?

Tumezoea kuamini kwamba uzito wa kazi husikika msulini, kisha habari ikapanda juu. Habari za namna hiyo zipo: maumivu, joto, mkazo. Lakini hisia ya juhudi yenyewe, kwa ushahidi mwingi uliokusanywa, huzaliwa kule amri inakotoka. Ubongo huandikia misuli kama ofisi inavyoandika barua, na chini ya barua kuna "Nakala: Jalada". Nakala hiyo haitoki nje ya ofisi, na ndiyo inayosomwa mtu anapopima ugumu wa kazi aliyonayo. Njia ikiharibika au msuli ukilegea, lazima amri iandikwe kwa ukali zaidi ili mkono ufanye kilekile ulichokuwa ukifanya jana.

Watafiti wawili wa Australia, Gandevia na McCloskey, walilipima jambo hili miaka ya 1970. Mtu alinyanyua uzito kwa mkono uliodhoofika, kisha akatafuta kwa mkono mzima uzito anaoona unalingana nao. Wenye kiharusi walichagua uzito mkubwa kuliko ule halisi. Hivyo basi kikombe cha chai anachokirudisha mezani mzee wako ni kizito kwake, na si kwamba anadeka. Ukimwambia ajitahidi, kumbuka kwamba huenda hapo sebuleni hakuna anayejitahidi kumshinda.

Kwa mtu mwenye afya hesabu hiyo ya juhudi hufanyika vilevile, na hupindika kwa urahisi wa kushangaza. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake huko Wales waliwaketisha watu 16 mbele ya kompyuta kwa dakika 90 wakifanya kazi ya kuumiza kichwa, halafu wakawapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi. Siku nyingine waliwaonyesha filamu tulivu kwanza. Baada ya kazi ya kichwa walisalimu amri mapema kwa takriban asilimia 15, ingawa moyo na damu havikuonyesha tofauti ya kueleza hayo. Kilichobadilika ni jinsi baiskeli ilivyoonekana ngumu tangu mwanzo. Anayetoka kazini jioni akaziona ngazi za nyumbani zimekuwa ndefu ana utetezi wa kisayansi.

Kuna jaribio jingine ambalo mimi hulipenda zaidi. Waendesha baiskeli waliosukutua maji yenye wanga na kuyatema waliongeza kasi kwa karibu asilimia 3 katika mbio za takriban saa moja, wakati sukari iliyoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu haikuwasaidia kitu. Ubongo ulionja, ukapunguza bei ya juhudi.

Bei hiyo ina wapangaji wake, na dopamini ni mmojawapo. Panya waliopunguziwa kemikali hiyo bado hupenda chakula kitamu, ila hawako tayari kukihangaikia. Huchagua kile hafifu kilicho karibu. Kwa wagonjwa wa Parkinson, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliweza kufikia kasi ya kawaida ya mkono walipotakiwa, lakini ubongo wao ulisita kuilipia.

Homa nayo hupandisha bei kwa makusudi. Kinga ya mwili inapopambana na vimelea, kemikali zake hufikisha ujumbe kwenye ubongo, na mtu wa malaria hukuta hata kwenda kuoga ni safari. Kwa siku chache hiyo ni akili nzuri ya mwili, kwani nguvu huelekezwa vitani. Balaa ni pale bei isiposhuka. Katika ugonjwa wa uchovu sugu, juhudi ndogo ya leo inaweza kumwangusha mtu kitandani kesho yake na siku zinazofuata, ndiyo maana mwaka 2021 Uingereza iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kama tiba yake. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani waliochunguza wagonjwa 17 walieleza tatizo hilo kama badiliko katika upendeleo wa juhudi. Wagonjwa wengi walikasirika, kana kwamba wameambiwa wamejichagulia kulala. Naona walikuwa na haki ya kukasirika: hesabu iliyofanywa na ubongo mgonjwa bila ridhaa ya mwenyewe haiwezi kuitwa hiari.

Hakuna mashine inayoisoma hesabu hii kutoka nje kwa uhakika, kwa hiyo madaktari huuliza. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, alitunga kipimo cha ugumu wa juhudi cha kuanzia 6 hadi 20, kwa sababu kwa kijana mwenye afya namba anayoitaja ikizidishwa kwa kumi hukaribia mapigo ya moyo kwa dakika. Wagonjwa wa moyo walio kwenye mazoezi kwa kawaida huambiwa wabaki kati ya 11 na 14. Wengi wao humeza vidonge vinavyozuia mapigo kupanda, na hapo saa ya mkononi haina msaada mkubwa. Mgonjwa akitamka 17 huku saa ikionyesha mapigo 95, mtaalamu wa fiziotherapia anapunguza mwendo wa mashine ya mazoezi.