Kompyuta Inapopokea Barua na Kukataa Kuzituma

Askari wa simu ya upepo haondoki penye chombo chake mpaka asikie upande wa pili ukimjibu kwamba ujumbe umepokelewa. Ada hiyo njema imeanza kusahauliwa tangu barua pepe ilipochukua nafasi ya tarishi. Mwandishi hubonyeza kitufe cha kutuma, akazima kompyuta, akaenda zake, akiamini kwamba kazi imekwisha.

Itakumbukwa kwamba mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi ya watu kandokando ya Bujumbura. Chukua mfano wa karani wa kituo kilichoko Kibenga, ambaye katika siku kama hizo anaandika jioni taarifa ya kuomba watu na mashua. Taarifa ile inalala usiku kucha ndani ya kompyuta, miongoni mwa barua zinazosubiri kutoka. Asubuhi wakubwa wanauliza kwa nini Kibenga imekaa kimya. Karani anajibu kwamba mtambo ni mzima, kwa kuwa barua za wengine zinamfikia.

Hapo ndipo lilipo kosa. Barua pepe huingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mlango mwingine. Kanuni za kutuma, ziitwazo SMTP, ziliandikwa na Jonathan Postel wa Marekani mwaka 1982; upokeaji una kanuni zake. Kwa hiyo kupokea hakuthibitishi kutuma. Zamani barua zilitoka kwa mlango namba 25. Walaghai walipoutumia kumwaga barua za uchafu, makampuni mengi ya intaneti yaliufunga kwa wateja wao. Programu inayoendelea kugonga mlango huo haitafunguliwa. Yapasa ielekezwe kwenye namba 587 au 465.

Ukaguzi ufuate utaratibu. Kwanza mtandao wenyewe: Burundi haina pwani, na nyaya zake hupita nchi jirani hadi baharini. Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Pili, tarehe na saa ya kompyuta, kwani saa iliyopotea huivunja hati ya usalama. Tatu, jina na neno la siri la upande wa kutuma. Nne, uzito wa viambatisho: Gmail, kwa mfano, kwa kawaida hairuhusu kutuma zaidi ya megabaiti 25.

Tena isomwe namba ya kosa kabla ya kufuta tangazo. Inayoanza na 4 humaanisha kizuizi cha muda, na barua itajaribiwa tena. Inayoanza na 5 humaanisha imekataliwa: 535 ni neno la siri, 552 ni uzito uliopita kiasi, na 550 mara nyingi ni anwani isiyokuwepo.

Lililo baya zaidi ni haraka. Karani aliyechoka huondoa ulinzi wa usimbaji, au huazima anwani ya rafiki, na siri ya kazi ikaanikwa hadharani. Heri achukue simu, aeleze kwamba taarifa imekwama, na asiondoke mezani hadi ajibiwe kwamba imefika.