Faida ya Kazi na Faida ya Bei

Mwezi wa Septemba 2022, mjini Kampala, ilitangazwa kwamba wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii watapata riba ya asilimia 9.65. Mwaka uliotangulia riba hiyo ilikuwa asilimia 12.15. Wananchi wengi waliuliza: je, fedha zimeliwa?

Yafaa jambo hili lieleweke. Mfuko huo una hisa katika makampuni mbalimbali ya Afrika Mashariki, mojawapo likiwa Safaricom ya Kenya. Mwaka 2021 hisa moja ya Safaricom ilivuka shilingi 40 za Kenya; kufikia katikati ya mwaka 2022 ilikuwa chini ya shilingi 30. Watu hawakuacha kupiga simu, wala kampuni haikufunga milango. Kilichoshuka ni bei sokoni. Na kwa kawaida kanuni za kimataifa za hesabu hutaka hisa ziandikwe kwa bei ya siku ya kufunga daftari, hata kama hazikuuzwa.

Mfugaji wa Ankole anaijua tofauti hii. Maziwa ya kila asubuhi ni pato lake. Bei ya ng'ombe ikipanda mnadani, yeye huhesabiwa kuwa tajiri zaidi, lakini kibuyu hakikuongezeka hata tone moja. Bei ikishuka, ng'ombe ni wale wale.

Hata makampuni makubwa ya dunia hayakuepukana na jambo hili. Intel ya Marekani, inayotengeneza vipande vidogo vilivyo ubongo wa kompyuta, ilitangaza faida ya dola bilioni 10.5 mwaka 2000. Lakini katika hesabu za mwaka huo, kabla ya kodi, dola bilioni 3.7 hivi hazikutokana na kazi ya kiwandani, bali na hisa ilizokuwa nazo katika makampuni mengine. Mwaka 2001 mauzo yalipungua, na hisa hizo nazo zikaleta hasara ya dola milioni 466. Faida ikaporomoka hadi dola bilioni 1.3. Aliyeidhania faida yote ya mwaka 2000 kuwa ni ya kazi alikuwa amejidanganya.

Askari wa jeshi na polisi wana sababu ya kulizingatia jambo hili. Wengi wao huweka akiba katika vyama vyao vya akiba na mikopo, kama Wazalendo cha jeshini na Exodus cha polisi. Chama chochote kinapotangaza faida, mwanachama aulize katika mkutano mkuu: ni kiasi gani kimetokana na kazi ya mwaka, na ni kiasi gani kimetokana na kupanda kwa bei ya mali ambayo haijauzwa? Sehemu ya pili si uongo, lakini bado si fedha mkononi. Chama kinachogawa faida ya namna hiyo huweza kulazimika kuchota katika akiba za wanachama wenyewe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lipo, linalotakiwa ni kulisoma.